Isale Kwenye Dirisha la Maktaba

Kila mwaka, Jumamosi ya kwanza baada ya wanafunzi wapya kuripoti, mimi ndiye ninayewatembeza mtaani. Hakuna aliyenipa kazi hiyo. Mimi ni mhudumu wa maktaba katika chuo kidogo cha sanaa upande wa Moshono, Arusha, na nilianza kwa sababu niliwaona watoto wa watu wakishinda na biskuti bwenini wakati chakula kizuri kipo mwendo wa dakika tano kutoka getini. Mgeni haoni mpaka aelezwe, na mimi kueleza ninapenda.

Tunaanza na mlima, kwa sababu mlima haumngoji mtu. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nawasimamisha nyuma ya karakana ya ufinyanzi, tunatazama juu. Saa hiyo Meru uko wazi, unaona hadi mikwaruzo ya mawe karibu na kilele. Ikifika saa tatu umeshajifunika wingu na pengine hutauona tena hadi kesho. Nawaambia wachoraji: kama unautaka, amka mapema.

Kutoka hapo tunashuka kwenye kibanda cha mtori. Kwa asiyejua, mtori ni ndizi mbichi zilizopikwa na nyama ya mfupa, zikapondwa mpaka zikawa kama uji mzito. Unanywewa moto. Mwenye kibanda ni mama wa makamo, Mmeru, ana mwiko mrefu na mdomo mrefu kuuzidi.

"Hawa umewaokota wapi?" huniuliza kila mwaka. "Chuo siku hizi kinasajili vijiti?"

"Ni wasanii, mama."

"Msanii naye ana tumbo. Kaeni. Wewe mwenye nywele kama ufagio, rudi nyuma, usinidondoshee kwenye sufuria."

Ana loshoro pia, mahindi yaliyopikwa yakachanganywa na maziwa mgando, ya baridi, kwenye vikombe vya plastiki. Watoto wa Dar hukunja uso kijiko cha kwanza. Nawatia moyo waendelee, kwa sababu utamu wake huanza kijiko cha tatu.

Kisha tunafika kwenye ukuta. Ukuta wa chuo unaotazama barabara wote ni michoro, na una desturi yake: kila mwisho wa mwaka wanafunzi huupaka chokaa kuanzia mwanzo hadi mwisho, halafu huanza upya. Hakuna mchoro unaoishi zaidi ya mwaka mmoja. Wageni husikitika nikiwaeleza hivyo. Mimi huwa nawasimamisha kidogo karibu na geti, penye nyufa, bila kuwaambia kwa nini. Chini ya chokaa ya hapo kuna mchoro ninaoukumbuka.

Ng'ambo ya barabara kuna duka la kahawa la vijana wawili waliosoma hapo hapo chuoni. Wanakaanga kahawa wenyewe kwenye sufuria nyeusi, na Ijumaa jioni watu hukaa juu ya kreti za soda kusoma mashairi yao na kupiga ngoma. Na mwisho wa matembezi nawapeleka Ngarenaro, nilikozaliwa, wakaone mafundi wanaowamba ngoma, wanaokata viatu vya katambuga kutoka kwenye tairi, wanaochomelea ndege na twiga kwa spring za gari. Tunamalizia kwenye kijiwe cha kahawa walikokuwa wakikaa wazee wetu. Nawafundisha kuinywa chungu, kwenye kikombe kidogo, na kashata mkononi, na kutoomba sukari.

Babu yangu alitoka Tanga, akafanya kazi Arusha, akakaa Ngarenaro, nasi wajukuu tukazaliwa hapo. Tunaswali, tunapika pilau ya Idi, tunaongea Kiswahili nyumbani na hatuna lugha nyingine. Nimeishi miaka zaidi ya arobaini chini ya mlima ule, na nilidhani hakuna cha Arusha ambacho mimi ningehitaji kuelezwa.

Aliyeuchora mchoro ule wa getini alikuja na kundi la mwaka juzi. Alikuwa binti wa miaka ishirini na mbili, mchoraji, mrefu, mkimya. Alikuwa na meno ya rangi ya chai, kama wengi waliokulia kwenye maji ya mlimani, na akicheka alifunika mdomo kwa kiganja. Nilipokuwa nyuma ya karakana nikiwaonyesha wenzake kilele, misitu, na mahali migomba inapoanzia, alinyoosha mkono.

"Dada, pale penye bati linalong'aa, chini kidogo ya kanisa. Na pale utatueleza?"

"Pana nini pale, mdogo wangu?"

"Kwetu."

Wenzake wakacheka, nami nikacheka. Nilimpenda tangu hapo.

Kwenye duka la kahawa aliletewa kikombe akakinusa muda mrefu. Akasema amechuma kahawa tangu hajaanza shule, ameianika, ameichambua, na hajawahi kuionja. Nyumbani kwao walikunywa chai. Akanywa, akakitazama kikombe.

"Vipi?" kijana wa duka akamuuliza.

"Kumbe ndiyo hii? Yaani baba anaamka saa kumi na moja kila siku kwa ajili ya hii?"

Watu walicheka mpaka mmoja akadondoka kwenye kreti.

Kutoka kwao hadi chuoni ni safari ya chini ya saa moja, lakini likizo zilipofika hakwenda nyumbani. Alibaki bwenini, mchana akaja maktaba kukaa kwenye meza ya dirishani. Siku moja nilimuuliza kwa nini haendi, na kwao kunaonekana kutoka pale alipokaa. Akaniambia kwamba mama yake alifariki mwaka mmoja kabla hajaja chuoni, na kwamba msibani yeye alisema neno kwa baba yake, mbele ya watu. Tangu siku ile hawajaongea. Ada hulipwa, lakini inaletwa na mjomba.

"Mpigie simu," nilimwambia.

"Kwetu jambo hili halimalizwi kwa simu."

Ndipo nikaanza kueleza. Nilimweleza kuhusu wazazi na hasira zao, kuhusu muda, na jinsi marehemu baba yangu alivyoninunia miezi mitatu. Nilieleza vizuri na kwa upole, naye akasikiliza kwa heshima. Sikumuuliza jambo kama hilo kwao linamalizwaje.

Mwaka jana, mwanzoni mwa mvua za masika, aliingia maktaba asubuhi na kitu kimefungwa kwenye gazeti. Alikuwa amevaa vizuri, sketi ndefu na mtandio, kama anayekwenda ibadani. Aliniamkia, ingawa tulikuwa tumeshazoea kusalimiana kienyeji tu. Kisha akaniwekea lile gazeti mezani kwa mikono miwili.

"Dada, wewe hupanda kwetu kila mwezi kufuata maziwa."

"Ndiyo." Ni kweli. Kuna mama mmoja huko juu ninayenunua kwake maziwa mgando na ndizi, nyumba ya nne kutoka kwa baba yake.

"Nakuomba hii umpelekee baba. Mwambie nimeitoa mimi. Usiseme kingine. Akiiona atajua."

Nilifungua gazeti. Ndani kulikuwa na ncha ya mmea, majani marefu ya kijani yenye kung'aa, kwenye kipande cha shina chenye urefu wa kidole. Ni mmea unaouona kila mahali ukipanda Meru, kwenye mipaka ya mashamba na kandokando ya njia. Jani moja lilikuwa limefungwa fundo.

Niliutazama nikaona mche. Nikawaza kwamba binti amepata mbegu nzuri mahali, anataka baba yake aipande uani, na hilo litakuwa mwanzo wa kusemezana. Nikafurahi. Nikachukua chupa ya kioo iliyokuwa na asali, nikatia maji, nikausimamisha mche ndani yake dirishani. Lile fundo nililifungua kwa kucha, taratibu, ili jani lipumue.

Alikuwa amesimama hapo hapo akinitazama. Mkono wake ulinyanyuka kidogo, kama anayetaka kunizuia, kisha ukashuka.

"Mche ukipelekwa hivi hivi hufa njiani," nilimweleza. "Tuuache utoe mizizi kwanza. Nitampelekea kitu kilicho hai."

"Sawa, dada," alisema.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini hakuniambia. Nadhani aliamini kwamba ninajua, na kwamba mtu mzima akishaombwa ana utaratibu wake. Au aliona aibu, maana kunieleza kungekuwa kunitajia lile neno alilolisema. Na huenda ni rahisi zaidi ya hapo: mtu niliyekuwa nikimweleza mambo tangu siku ya kwanza angeanzaje kunieleza mimi?

Wiki mbili baadaye nilipanda kufuata maziwa. Chupa niliiacha dirishani, kwa kuwa shina lilikuwa halijatoa kitu isipokuwa vipele vyeupe. Nilipita mbele ya nyumba yenye bati linalong'aa. Baba yake alikuwa ukingoni mwa shamba, karibu kabisa na njia, anapogoa kahawa. Nilimfahamu kwa sababu binti alikuwa amemchora ukutani, pale karibu na geti penye nyufa: mzee mwenye kofia ya sufu, amegeuka mgongo, na kisu cha kupogolea mkononi. Nilishawaonyesha watu wengi mchoro ule nikiwaambia huyu ni mkulima wa Meru. Binti mwenyewe aliwahi kuwa amesimama pembeni yangu nikisema hivyo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba." Alisimamisha kisu. Alinitazama mikononi, mlimokuwa na ndoo tupu ya maziwa, kisha usoni. "Unatoka chuoni?"

"Ndiyo, baba. Nafuata maziwa tu."

"Haya. Tope ni jingi. Pita huku juu."

Nikapita huku juu. Moyoni nilikuwa na raha, nikiwaza atakavyofurahi siku nitakayomletea mche wenye mizizi.

Kila binti alipoingia maktaba aliangalia dirisha kabla ya kuniangalia mimi.

"Bado, dada?"

"Bado kidogo. Njoo uone, kamzizi kameanza. Unaona hapa? Hakapendi jua kali, ndiyo maana nimesogeza pazia."

Aliinama, akatazama kupitia kioo. "Naona," alisema. Mara ya mwisho alipouliza mizizi ilikuwa imefika urefu wa kidole cha mtoto, minne au mitano, myeupe, na mimi nilikuwa nimeshapanga: Jumamosi. Nilimwambia hivyo. Alifunika mdomo akacheka, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akaondoka. Ilikuwa Jumatatu.

Jumanne saa nane mchana mvua ilikuwa kubwa. Alipanda bodaboda kwenda kununua rangi, na walipofika Kimandolu lori likawagonga. Dereva wa bodaboda alivunjika mguu. Yeye alifariki hapo hapo barabarani.

Simu ilipigwa chuoni, na mimi nililetewa habari na mlinzi, ambaye alisimama mlangoni mwa maktaba na kofia mkononi, maji yakimchuruzika, akashindwa kuanza. Nilimwambia, "Sema tu, kaka, taratibu." Hata yeye nilikuwa namtia moyo.

Kesho yake mama wa mtori alifunga kibanda akaja maktaba. Hajawahi kuingia humo tangu nimfahamu. Alikuwa amejifunga kanga mbili, macho yamevimba, maana binti alikuwa wa kijiji cha pili kutoka kwao na alimwita shangazi. Alikuja kuulizia gari la msibani. Akaanza kuongea, kisha akanyamaza, akitazama nyuma yangu.

"Nani amekuletea isale?"

"Nani amefanya nini?"

"Hilo. Kwenye chupa. Isale hilo."

Nilimwambia ni mche wa marehemu, alinipa nimpelekee baba yake, na kwamba nilikuwa nangoja utoe mizizi. Niliona uso wake ukibadilika kabla sijamaliza.

"Lilikuwa na fundo?"

"Lilikuwa nalo. Nilifungua."

Alikaa kwenye kiti cha karibu.

"Dada yangu," alisema, "kila mtu Arusha anajua isale."

"Mimi ni wa Ngarenaro."

"Ngarenaro si Arusha?"

Ndipo aliponieleza, kwa sauti ya chini, kama mimi ninavyowaeleza watoto. Kwao mtu aliyekosa kosa kubwa, la kumtukana mzazi, la kugombana mpaka watu hawasemezani, haendi mwenyewe kuomba msamaha. Anachuma isale, analifunga fundo, anampa mtu mzima ambaye hana ugomvi na yeyote, alipeleke. Likishapelekwa, aliyekosewa hawezi kulikataa. Hata awe na hasira namna gani, analipokea, analifungua fundo, na jambo limeisha. Siku hiyo hiyo anamwita aliyekosa, wanakula pamoja.

"Siku hiyo hiyo," nilirudia.

"Siku hiyo hiyo. Sasa hilo ulikaa nalo siku ngapi?"

"Wiki sita."

Alijifunika uso kwa kanga.

Lile neno la msibani pia alinieleza yeye. Mama wa binti aliugua ghafla siku ya mkutano wa kwaya kanisani. Baba akasema wangoje ibada iishe ndipo watafute gari. Ibada ilichelewa kwisha. Kaburini, binti alisimama mbele ya mwinjilisti na ukoo mzima akamwambia baba yake, "Wewe ndiye uliyemchelewesha." Mzee aliondoka pale kabla udongo haujajazwa. Tangu siku ile alikuwa akiwaambia watu kwamba hana neno na mtoto wake, anachongoja ni isale tu.

Mazishi yalikuwa Jumamosi, siku ile ile niliyokuwa nimepanga kupanda. Tulikwenda kwa gari la chuo mpaka lami ilipoishia, tukaendelea kwa miguu kwenye tope, wanafunzi wamebeba ngoma ambazo hawakuambiwa kama wataruhusiwa kuzipiga. Hawakuruhusiwa. Mimi nilibeba chupa ndani ya mfuko wa kitambaa, nimeikumbatia isimwagike. Mama wa mtori alitembea nyuma yangu. Nilikuwa na sentensi moja niliyoitengeneza tangu Jumatano: Alinipa Jumapili, baba, siku mbili kabla. Nilijiambia ni kwa faida ya mzee. Ajue mtoto wake aliomba, na asijue kwamba kuna mtu alikaa na ombi hilo dirishani akilibadilishia maji.

Kaburi lilichimbwa kando ya la mama yake, kati ya migomba. Kwaya iliimba, mwinjilisti akasoma, udongo ukajazwa. Mzee safari hii hakuondoka. Alisimama mpaka mwisho, kofia ya sufu mkononi, na watu walipoanza kwenda kwenye chakula yeye alikwenda kukaa kwenye benchi ukutani mwa nyumba. Mama wa mtori akanisukuma begani.

Nilipiga magoti mbele yake, nikaitoa chupa, nikampa kwa mikono miwili, kama nilivyopewa.

"Pole baba. Binti yako aliniomba nikuletee hii. Alisema nikuambie ameitoa yeye."

Hakupokea mara moja. Kisha akaishika chupa, akaiweka juu ya goti.

"Alikupa lini?"

"Jumapili, baba. Siku mbili kabla."

Alilitoa isale kwenye maji. Mzee yule amepanda miche maisha yake yote. Aliligeuza juu chini, akaiweka mizizi kwenye kiganja, akaitandaza kwa kidole gumba, mmoja mmoja. Maji yalimdondokea kwenye suruali nyeusi ya msiba. Hakuniangalia.

"Mwanangu," alisema, "mizizi hii si ya Jumapili."

Nilimweleza yote. Nilimweleza kuhusu gazeti, na chupa ya asali, na jinsi nilivyodhani ni mche. Nilimweleza kwamba mwanawe alikuwa akiuliza kila siku, na mimi nikimwambia bado kidogo. Na kwa kuwa nilishadanganya mara moja na sikutaka kubaki na kingine, nilimweleza pia kwamba nilipita hapa mwezi uliopita, isale likiwa dirishani kwangu, na nikamwamkia.

"Nakukumbuka," alisema. "Ulikuwa na ndoo."

"Ndiyo, baba."

"Nilikuwa napogoa upande wa njiani." Akanyoosha mkono kule. "Kahawa ya upande ule haikuwa inahitaji kupogolewa. Nimeipogoa tangu Krismasi. Kila mtu mzima anayepanda kutoka chini namwona mikononi kwanza."

Niligeuka nikatazama. Kandokando ya njia, kwa safu nzima, mikahawa ilikuwa imekatwa mpaka imebaki miti mitupu. Nyuma yake, shamba lote lilikuwa limefunga majani.

Nilisubiri anifukuze. Nilitamani anifukuze. Mama wa mtori, aliyekuwa amesimama hatua mbili nyuma, alianza kusema kitu kwa Kimeru, nadhani cha kunitetea, mzee akamnyamazisha kwa mkono. Alikuwa amelishika lile jani lililowahi kuwa na fundo. Alama ya mkunjo ilikuwa bado ipo, mstari mweupe katikati ya kijani. Aliupitisha ukucha juu yake, akarudia.

"Alifunga mwenyewe?"

"Alifunga mwenyewe, baba. Mimi ndiye nilifungua."

"Na mimi kuchelewa nakujua," alisema. "Nimeambiwa hapa hapa, watu wamejaa." Akainuka kwa shida, mkono ukutani. "Wewe sina cha kukuambia. Isale likishaletwa huwezi kulikataa. Basi nimelipokea. Lakini anayeliomba huwa yupo, mwanangu. Anaitwa, anakuja, anakula."

Kwa mara ya kwanza tangu nijifahamu sikuwa na la kumtia mtu moyo.

Alikwenda kaburini peke yake, nasi tukafuata kwa mbali. Maua ya wanafunzi yalikuwa yamelala juu ya udongo, na brashi moja ya rangi ambayo mtu alikuwa ameichomeka pembeni. Mzee aliinama upande wa kichwani, akachimba kwa vidole, udongo ulikuwa bado laini. Kabla ya kulipanda isale, alilikunja lile jani pale pale palipokunjwa mwanzo, akalifunga fundo. Kisha akalifungua. Akalipanda, akashindilia kwa viganja, akamwagia maji yaliyobaki kwenye chupa.

Halafu akaongea. Aliongea Kimeru, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeongea na aliye upande wa pili wa meza. Haikuwa sala, maana hakufumba macho. Alisema maneno machache, akanyamaza kama anayempa mwingine nafasi, akasema tena. Wanawake wa kwaya waliokuwa wanakusanya viti waliweka viti chini. Mama wa mtori alilia kwa sauti.

Mzee alipomaliza alinirudishia chupa, akaenda ndani.

Tuliteremka kabla ya jua kuzama. Wanafunzi walitembea mbele, ngoma mgongoni. Kwenye safu ile ya mikahawa iliyokatwa, mama wa mtori alinishika kiwiko, akatembea sambamba nami hatua nyingi, akinitazama, akingoja nimuulize mzee alisema nini. Alikuwa tayari kunieleza. Nilijua kwamba akinieleza nitaelewa, na nikielewa iko siku nitawaeleza wengine, nikiwa nimesimama karibu na geti, penye nyufa.

Sikumuuliza. Tulipofika kwenye lami nilifuta tope kwenye viatu, na yeye akanishikia chupa mpaka nilipomaliza.